SOMO LA AFYA: MAKOSA YANAYOMCHELEWESHA KUPONA MTU ANAYESIKILIZA MWILI WAKE MCHANA NA USIKU



Kuna taabu ambayo watu wengi huona aibu kuieleza mbele ya mganga. Mtu hana homa, damu imepimwa, malaria haikuonekana. Lakini tangu asubuhi hadi usiku anasikia pumzi yake inavyoingia na kutoka, kana kwamba asipoisimamia itakoma. Mwingine anasikia mate mdomoni, na kila akimeza anajua kwamba amemeza. Mwingine akilaza kichwa anasikia moyo ukidunda sikioni. Mwingine anahesabu jinsi anavyopepesa macho. Anapika, anapanga foleni ya maji, anaongea na wageni, lakini nusu ya akili yake imebaki inalinda mwili.

Taabu hii si kurogwa, wala si mwanzo wa wazimu. Ni aina mojawapo ya mawazo yanayong'ang'ania, na watu hupata nafuu. Lakini wengi huchelewa kwa sababu ya mambo wanayoyafanya wenyewe kwa nia njema, wakidhani wanajitibu. Hayo ndiyo tutakayoyaangalia katika somo hili.

Katika somo hili tutaona:
(a) jambo la kufanya kwanza kabla ya yote;
(b) jinsi taabu hii inavyoanza na kukua;
(c) makosa 7 ambayo watu hufanya wanapotafuta kupona;
(d) mazoezi ya kuanza nayo nyumbani, na jinsi jamaa wanavyoweza kusaidia.

KWANZA: PIMWA VIZURI, MARA MOJA

Usijitangazie mwenyewe kwamba ni mawazo tu. Moyo kwenda mbio unaweza kuletwa na upungufu wa damu, homa, au ugonjwa wa tezi ya shingo. Nenda kwenye kituo cha afya ueleze yote, pamoja na ile aibu yako ya kuhesabu pumzi.

Nenda bila kuchelewa ukiona mojawapo ya dalili hizi: kifua kuuma au kubana unapofanya kazi, kuzimia, kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, chakula kukwama kooni, kupungua uzito, kukohoa kwa wiki 2 au zaidi, kutokwa jasho jingi usiku.

Mganga akishakupima na kukuambia kwamba mwili hauna ugonjwa, shika jibu hilo. Kurudi kupimwa jambo lilelile, bila dalili mpya, ni mojawapo ya makosa tutakayoyataja.

TAABU HII INAANZAJE?

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa siku moja hiyo ni zaidi ya mara 17,000. Moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kazi hii yote haikungoji wewe. Pumzi inaendeshwa na sehemu ya chini ya ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, nayo inafanya kazi hata ukiwa usingizini. Unaweza kuishika pumzi kwa hiari yako kwa muda mfupi, lakini ukiiachia inarudi yenyewe katika njia yake.

Kila mtu huwahi kuisikia pumzi yake au mate yake. Huisikia kidogo, kisha husahau. Shida huanza siku mtu anapoisikia na kuogopa: "Je, nikiendelea kuisikia hivi maisha yangu yote? Nitalala vipi? Nitafanya kazi vipi?" Mara nyingi huanza wakati mtu ana uchovu, huzuni, au mashaka kuhusu jamaa waliobaki nyuma.

Tuchukue mfano. Familia mbili zimepewa viwanja karibu na mashine ya kusaga. Wiki ya kwanza wote wanasumbuliwa na kelele. Familia ya kwanza ina nyumba ya kumalizia na shamba la kulima. Kelele ipo, nao wanaendelea na kazi. Baada ya miezi michache mgeni anawauliza, "Mnalalaje hapa?" Ndipo wanakumbuka kwamba kuna mashine. Baba wa familia ya pili kila asubuhi anasimama mlangoni kusikiliza kama imewashwa. Anaziba masikio kwa kitambaa, kisha anakifungua kuona kama bado anasikia. Kila wiki anagombana na mwenye mashine. Mwaka unaisha, naye bado anasikia hadi punje inavyopasuka.

Mashine ni ileile. Tofauti ni kwamba mmoja aliiacha ipige kelele, mwingine aliifanya adui. Akili ya mtu hulinda sana jambo lililoitwa hatari. Ukiiambia, "Angalia kama ile hisia bado ipo," itaangalia, na itaikuta, kwa sababu pumzi, mate na moyo vipo daima.

Daktari Shoma Morita wa Japani, aliyeishi kati ya mwaka 1874 na 1938, alieleza jambo hilihili: kuikazia hisia mawazo huifanya iwe kali zaidi, na ukali huo nao huvuta mawazo zaidi. Wagonjwa wake walipumzishwa kwanza, kisha wakapewa kazi ndogo, kisha kazi nzito zaidi, wakiwa na hofu yao hivyohivyo. Hakuwaambia wangoje hofu iishe ndipo washike kazi.

MAKOSA 7

Kosa la 1: Kungoja hisia iondoke ndipo uanze kuishi

Hili ndilo baba wa makosa yote. Mtu anasema, "Siku nitakayoacha kusikia mate yangu, nitarudi kwenye kikundi cha ushonaji." Anaahirisha kulima, anaahirisha kutembelea marafiki, kila siku akingoja ukimya mwilini. Lakini kadiri anavyokaa bila kazi, ndivyo hisia inavyokosa mshindani. Mtu aliyelala kitandani mchana kutwa hana kingine cha kusikiliza.

Badilisha swali. Usijiulize, "Je, leo nimeisikia?" Jiulize, "Je, leo nimefanya nini ingawa niliisikia?" Jibu la swali la pili ndilo kipimo cha kupona.

Kosa la 2: Kujipima mara kwa mara

Kushika mshipa wa mkono, kuvuta pumzi ndefu ili kuona kama hewa inatosha, kumeza ili kuona kama koo limefunguka, kujitazama machoni kwenye kioo: yote haya ni kujipima. Ubaya wake ni kwamba kipimo chenyewe huleta dalili.

Jaribu kumeza mate mara 5 mfululizo. Mara ya tatu au ya nne koo linasita. Si ugonjwa, ni kwamba mate yamekwisha. Lakini mwenye hofu anasema, "Umeona? Koo linafunga." Vivyo hivyo, mtu akivuta pumzi ndefu nyingi kwa haraka, hewa ya kaboni dayoksaidi inapungua mno katika damu. Kichwa kinazunguka, vidole vinafanya ganzi, kifua kinabana. Alitaka kuhakikisha kwamba anapumua vizuri, naye akajitengenezea dalili za kukosa pumzi. Na anayeshika mshipa kwa hofu atakuta moyo unakwenda mbio, kwa sababu hofu yenyewe huuongezea moyo kasi.

Mwaka 1966, huko London, mtaalamu Victor Meyer alieleza jinsi wagonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania walivyopata nafuu walipowekwa mbele ya jambo wanaloliogopa na kuzuiwa kufanya yale waliyozoea kufanya ili kujituliza. Njia hiyo imeendelezwa tangu wakati huo, na hadi leo ni mojawapo ya tiba zinazotegemewa. Kwa taabu yetu maana yake ni hii: acha hisia iwepo, na uzuie mkono usiende kwenye mshipa.

Kosa la 3: Kujilazimisha kusahau

Fanya jaribio. Kwa dakika moja, usimfikirie kabisa ng'ombe wa pembe ndefu. Umeona? Amekuja na pembe zake. Mwaka 1987 huko Marekani, Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na wapige kengele kila wakimfikiria. Walipiga kengele zaidi ya mara moja kwa dakika. Ili kujua kama umesahau jambo, ni lazima ulikumbuke kwanza.

Kwa hiyo kufungua redio kwa sauti kubwa, kuimba bila kupumzika au kuongea ovyo ili usisikie pumzi hakufiki mbali. Tofautisha mambo mawili. Ukisikiliza redio kwa sababu unataka habari, ni vizuri. Ukisikiliza redio huku ukichungulia kama hisia imeondoka, hiyo redio imekuwa silaha ya vita vilevile, na vita ndivyo vinavyokuchosha.

Kosa la 4: Kuuliza uthibitisho kila siku

"Mama, hebu weka mkono hapa, moyo hauendi vibaya?" "Hapana mwanangu, ni mzima." Anatulia kwa muda mfupi, kisha anauliza tena. Mwingine anatoka kituo kimoja hadi kingine, anauza sehemu ya mgao alipe kipimo cha pili na cha tatu, na majibu ni yaleyale. Uthibitisho ni kama maji ya chumvi: unakunywa, kiu inarudi kali zaidi. Umeshapimwa. Dalili mpya ikitokea, nenda. Kwa dalili ya zamani, subiri siku ya miadi.

Kosa la 5: Kukwepa mahali na watu

Mwenye taabu ya kumeza huacha kula na wenzake. Mwenye taabu ya moyo huacha kupanda mlima akiwa na kuni. Mwenye taabu ya pumzi huogopa ibada yenye kimya na huogopa kulala peke yake. Kila mahali unapopakwepa, akili inaandika: "Pale ni hatari." Orodha inarefuka, na mwisho mtu anabaki ndani ya nyumba. Rudi polepole, ukianza na pale penye hofu ndogo. Kaa mpaka hofu ipungue kidogo, ndipo uondoke. Ukiondoka hofu ikiwa kileleni, umejifunza kukimbia tu.

Kosa la 6: Vidonge vya dukani na pombe

Wengine hununua diazepam bila cheti cha mganga, au hunywa waragi ili walale. Utulivu huo ni wa saa chache. Diazepam ikitumiwa kila siku mwili huizoea, hutaka zaidi, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi na kuua. Propranolol, ambayo wengine huitafuta ili moyo utulie, ni hatari kwa mwenye pumu. Kahawa nyingi na mirungi navyo huongeza kasi ya moyo.

Hii haina maana kwamba dawa zote ni mbaya. Zipo dawa, kama fluoxetine, ambazo mganga anaweza kukuandikia kwa mawazo yanayong'ang'ania. Hazitulizi siku hiyohiyo. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Ukipewa, usiache kwa kuwa umemaliza wiki moja bila nafuu, wala usikatize ghafla ukijisikia vizuri. Zungumza na aliyekuandikia.

Kosa la 7: Kuikubali hisia kwa hila

Kosa hili huwapata hasa wale waliokwisha fundishwa vizuri. Wameambiwa, "Iache hisia, usipigane nayo." Wanakaa, wanaiacha, kisha baada ya dakika 10 wanauliza, "Nimekubali, mbona haiondoki?" Hapo hawajakubali. Wamebadilisha silaha tu. Ni sawa na kumkaribisha mgeni huku umeshika kitasa cha mlango ukingoja atoke.

Kuikubali hisia maana yake ni kusema: "Inaweza kukaa leo. Inaweza kukaa na kesho. Mimi ninakwenda kupalilia." Mara nyingi hisia hufifia yenyewe mtu anapoacha kuisimamia, lakini hufifia kama usingizi unavyokuja: ukiuvizia, haufiki.

Hisia ikirudi baada ya wiki za nafuu, usiseme, "Nimerudi mwanzo." Siku za uchovu, za habari mbaya kutoka nyumbani au za kupunguzwa mgao, akili huanza tena kulinda mwili. Kazi uliyojifunza haikupotea. Fanya ulichofanya mara ya kwanza.

MAZOEZI YA KUANZA NAYO

1. Kuchelewesha kipimo. Ukisikia hamu ya kujipima, ngoja dakika 10. Endelea na kazi ya mikono. Zikiisha, ngoja 10 nyingine kama unaweza. Baada ya siku chache ongeza hadi nusu saa. Huna haja ya kushinda siku zote.

2. Kukaa na hisia kwa makusudi. Mara moja kwa siku, kaa dakika 5 hadi 10, macho yakiwa wazi, uiache pumzi au mate yafanye yanavyotaka. Usirekebishe, usihesabu. Muda ukiisha, inuka ushike kazi, hata kama hisia imebaki. ANGALIA: kama kukaa kimya kunakuletea picha za vita au za mabaya uliyotendewa, usifanye zoezi hili peke yako. Muone kwanza mshauri.

3. Kurudisha jambo moja. Andika mambo 3 uliyoyaacha kwa sababu ya taabu hii. Chagua lile jepesi ulifanye wiki hii, pamoja na hisia yako. Wiki ijayo chagua la pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Njia hii ya kuishi pamoja na mawazo magumu badala ya kupigana nayo imejaribiwa hapa Uganda kwa wakimbizi wenyewe. Katika makazi ya Rhino, wanawake kutoka Sudan Kusini walishiriki katika mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa vikundi, vikao 5, wakisikiliza masomo yaliyorekodiwa na kutumia kitabu cha picha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi 3 baadaye dhiki yao ya moyo ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakupata mafunzo hayo. Mafunzo yale yalihusu dhiki kwa jumla, si taabu hii peke yake, lakini funzo ni lilelile: unaweza kushika jambo lenye thamani kwako wakati moyo bado haujatulia.

KWA JAMAA NA MAJIRANI

Usimcheke mgonjwa, na usimwambie, "Acha tu kufikiria." Kama angeweza, angeacha zamani. Lakini pia usimpime kila anapokuomba. Mwambie kwa upole: "Ndugu yangu, tulikubaliana kwamba swali hili sitalijibu tena. Najua una hofu. Njoo tuchambue maharagwe." Kaa naye na umpe kazi ya kweli. Hilo linamfaa kuliko kumhakikishia mara mia.

Kama mtu amefika mahali pa kusema kwamba heri afe kuliko kuendelea kuisikia pumzi yake, usilichukulie kama maneno tu. Usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, au umuite mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Nawe msomaji, kama mawazo hayo ni yako, mwambie mtu leo kabla jua halijazama.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mfano wa mashine ya kusaga, kwa nini familia ya kwanza iliacha kusikia kelele?
2. Taja mambo 3 ambayo mtu hufanya ili kujipima. Kila moja linaongezaje hofu?
3. Kuna tofauti gani kati ya kusikiliza redio kwa kupenda na kusikiliza redio ili kusahau?
4. Jirani anakuuliza kwa mara ya kumi kama moyo wake ni mzima, naye ameshapimwa. Utamjibu nini?
5. Ni jambo gani uliloliacha ambalo unaweza kulirudia wiki hii?

KUMBUKA

Pumzi yako haihitaji mlinzi. Ilikuwa ikifanya kazi kabla hujaanza kuisikiliza, na usiku huu itaendelea ukiwa umelala. Pimwa vizuri, shika jibu, kisha rudi kwenye shamba, jikoni, shuleni na kwa watu wako. Hisia ikitaka kukufuata njiani, iache ifuate, nawe uendelee na safari.